Kolwezi: Buti likicheka, sindano ya ndoano ndiyo inayolifunga mdomo

Buti la mchimbaji haliharibiki kwa siku moja. Kwanza ncha ya mbele inaachana kidogo na soli, kiasi cha kupitisha ukucha. Tope linaingia pale, linakauka, linasukuma, na kila hatua inapanua ufa. Kufika mwisho wa juma buti linacheka: mdomo wazi, vidole vinaonekana ndani. Mwenye buti anabaki na njia tatu. Anunue lingine, kama mfuko unaruhusu. Alifunge kwa kamba ya gunia ao waya na kurudi nalo shimoni. Ao alipeleke kwa fundi anayekaa kando ya barabara, chini ya mwavuli ao kipande cha turubai, akiwa na sanduku la mbao, kopo la kole na sindano moja yenye mpini.

Mafundi wa namna hiyo wako katika komini zote mbili za mji wa Kolwezi, Dilala na Manika, na hawako mbali na mitaa iliyo karibu na machimbo kama Kasulo, Kapata na Musonoi. Kibao hawana, umeme hawana, mashine hawana. Wanafanya kazi katika mji mkuu wa Lualaba, jimbo lililozaliwa mwaka 2015 wakati Katanga ya zamani ilipogawanywa, ambako malori marefu yanapita yakibeba shaba na kobalti. Congo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inatoka katika ukanda huu. Inaishia katika betri za simu na za magari ya umeme. Mguu wa mtu anayeichimba kwa mkono, yeye, unalindwa na uzi wa nailoni wa unene wa milimita moja hivi, kama umelindwa kabisa.

Kazi ya sindano ile inastahili kuangaliwa kwa karibu. Wengi wanaoilipia hawajui inafanya nini ndani ya ngozi, na ndiyo sababu wengine wanalipa mara mbili, mara tatu, kwa buti lile lile.

Kijino kilichokatwa kwa tupa

Sindano ya fundi viatu si kama ya mshona nguo. Ile ya nguo ina tundu upande wa nyuma, na sindano yote inapita upande wa pili wa kitambaa pamoja na uzi. Ya fundi viatu haitoki mkononi. Ina mpini wa mbao unaojaa kiganja, na chuma kifupi kilichonyooka ao kilichopinda kidogo. Karibu na ncha kuna kijino, kama ndoano ya kuvulia samaki iliyo ndogo sana. Waliopita shule za ufundi wanaiita alêne, kwa Kifaransa. Wengine wanasema sindano tu, na kila mtu anaelewa.

Ziko zinazouzwa tayari dukani, lakini mafundi wengi wa barabarani hujitengenezea. Chuma kinatoka katika rayo ya baiskeli ao ubavu wa mwavuli uliovunjika. Ncha inapondwa kidogo kwa nyundo, inasuguliwa juu ya jiwe mpaka iwe kali, kisha kijino kinakatwa kwa tupa nyembamba. Hapo ndipo ugumu ulipo. Kijino kikikatwa kwa kina sana, chuma kinavunjika siku ya kwanza. Kikiwa kifupi mno, uzi unateleza na kubaki ndani. Na kama kingo zake zimebaki kali, zinakata uzi polepole, unyuzi mmoja mmoja, kila mara unapopita. Mshono unaonekana mzuri mezani, lakini unakatika mguuni mwa mteja siku tatu baadaye, na lawama inamwendea muuza uzi. Kwa hiyo fundi mwenye uzoefu anasugua ndani ya kijino kwa kipande cha msasa kilichokunjwa mpaka kisikwaruze tena ukucha.

Uzi nao una habari yake. Uzi wa pamba unaoza haraka katika maji ya machimbo. Wa nailoni, wa namna ile ile ambayo wavuvi wanaitumia kwa nyavu, hauozi, lakini unateleza, na fundo lake linapenda kufunguka. Dawa yake ni nta. Nta ya nyuki ni nzuri, na misitu ya miombo inayozunguka ukanda huu wa shaba ina nyuki tangu zamani. Asiyekuwa nayo anatumia mshumaa, ambao ni afadhali kuliko kukosa, ijapokuwa unapukutika. Uzi unavutwa juu ya nta mara mbili tatu mpaka unata kidogo vidoleni. Nta inaufanya ushike ndani ya tundu na inapunguza maji yanayopita.

Mshono wa gunia na mshono wa fundo

Kazi yenyewe inaanza kwa maji na brashi, maana hakuna kole wala uzi utakaoshika juu ya tope. Buti linaoshwa, linakaushwa kivulini, kole inapakwa pande zote mbili, inaachwa ikauke kidogo, halafu soli inabanwa na kupigwa nyundo. Kwa fundi mwenye haraka, ao mteja asiyetaka kulipa zaidi, mambo yanaishia hapo. Buti linarudi shimoni, na baada ya siku chache za maji na kupanda kamba, linaanza kucheka tena. Kole ni msaidizi mzuri wa uzi. Peke yake, katika kazi hii, inashindwa.

Mwenye kushona anashika kisu na kukata mfereji mdogo kuzunguka soli, upande wa chini. Wateja wengine wanaogopa wanapoona kisu kikiingia katika buti lao, lakini mfereji ule ndio uhai wa mshono. Uzi ukilala ndani yake haugusi ardhi. Ukibaki juu, jiwe la kwanza linauanza, na baada ya siku kadhaa unakuwa manyoya.

Kisha mkono wa kushoto unaingia ndani ya buti pamoja na uzi. Mkono wa kulia unachoma sindano kutoka nje, kupitia soli na ngozi, mpaka ncha inatokea ndani. Pale, bila kuona, vidole vya kushoto vinazungusha uzi juu ya kijino. Sindano inarudi nje na kitanzi. Mwanafunzi anatumia siku nyingi kujifunza hilo tu, na vidole vyake vinachomwa.

Kitu kinachofuata ndicho kinachotenganisha kazi ya miezi na kazi ya juma moja, na mteja hakioni kwa urahisi.

Namna ya kwanza ni ya haraka. Fundi anachoma tundu la pili, anavuta kitanzi kingine, anakipitisha ndani ya kile cha kwanza, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Anatumia uzi mmoja tu. Mshono unakuwa kama mnyororo, unapendeza macho. Kila mtu aliyewahi kufungua gunia la unga anaujua mnyororo huo: ukipata uzi unaofaa na kuuvuta, mdomo wote unafunguka kwa mara moja, trrr, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwa gunia hiyo ni faida, ndiyo maana kiwandani wanalishona hivyo. Kwa buti ni balaa. Uzi ukikatika mahali pamoja na ncha ikakwama katika jiwe, vitanzi vinaanza kufuatana kutoka.

Namna ya pili inahitaji uzi wa pili, unaobaki nje. Kila kitanzi kinapotokea, fundi anapitisha uzi wa nje ndani yake, halafu anavuta nyuzi zote mbili kwa nguvu sawa. Zinakutana na kusokotana katikati ya ngozi, mahali ambapo jiwe haliwezi kufika. Kila mshono unasimama wenyewe. Ukikatika mmoja, jirani zake wanashika, na mchimbaji anaweza kumaliza juma bila kujua kwamba kuna uzi uliokatika. Ni kanuni ile ile inayotumiwa na cherehani ya nyumbani, yenye uzi wa juu na uzi wa chini. Nchini Marekani, tangu mwanzo wa karne ya 20, wanauza sindano ya mkono yenye bobini ya uzi ndani ya mpini wake, inayojulikana kama Speedy Stitcher, kwa kushona hatamu, mahema na viatu. Fundi wa Manika mwenye rayo ya baiskeli anapata mshono ule ule. Tofauti ni kwamba uzi wake umekaa chini, kando ya mguu.

Namna hiyo ya pili inachukua muda zaidi, karibu mara mbili kwa mkono usiozoea. Kwa fundi anayelipwa kwa jozi na si kwa saa, kishawishi cha kurudi kwenye mnyororo ni kikubwa, hasa jioni wakati foleni ni ndefu na mvua inakaribia. Hakuna mkaguzi wa mishono. Kuna jina la fundi tu, linalozunguka kati ya wachimbaji, likisifiwa ao likiharibiwa.

Yako makosa mengine yanayofanywa kwa nia njema. Watu wanadhani matundu yakikaribiana sana buti linakuwa imara zaidi. Kinyume chake ni kweli: matundu mengi yanaifanya ngozi kuwa kama karatasi iliyotobolewa ili ichanike. Nafasi ya milimita sita mpaka nane inatosha kwa buti la kazi. Kuvuta uzi kupita kiasi nako kunakata ngozi kama waya unavyokata sabuni.

Zamani buti lilitoka kwa kampuni

Ngozi na shaba zinajuana katika nchi hii mbele ya kampuni zote. Mafundi wa zamani wa Katanga, wale ambao Monsinyori de Hemptinne aliwaandika mwaka 1926 kama "wala shaba", waliyeyusha madini kwa mkaa na upepo wa mivukuto. Mivukuto ile ilikuwa ya ngozi ya mnyama, na ngozi ikivuja upepo, moto haufiki pale unapotakiwa. Mtu wa kufunga ngozi vizuri alikuwa na nafasi yake kando ya tanuru.

Baadaye ikaja Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, halafu Gécamines baada ya serikali kuichukua mwaka 1967. Wazee wa Kolwezi wanaikumbuka Gécamines kama baba: nyumba, shule, hospitali, unga wa mwisho wa mwezi. Vifaa vya kazi navyo vilitoka huko, kofia ngumu kichwani na botini mguuni. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990, na miaka michache baadaye uzalishaji ulikuwa umebaki chini ya sehemu moja ya kumi. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Hiari ile inabishaniwa mpaka leo katika mitaa mingi.

Aliyeondoka Gécamines aliondoka pia katika orodha ya kupewa botini. Wana wao, na vijana waliotoka Kasai, Haut-Lomami na kwingineko, waliingia machimboni kwa mkono, na pale hakuna magazini ya kugawa viatu. Wengine wanashuka na malapa. Wengine miguu mitupu, wakisema vidole vinashika ukuta wa shimo vizuri kuliko soli. Kuhusu kushika, hawakosei sana. Jiwe linapoanguka, ao chepeo ya mwenzako inapokosea njia, hesabu inabadilika.

Ripoti ya Amnesty International na Afrewatch, iliyotolewa Januari 2016, ilieleza kwamba wengi wa wachimbaji wa kobalti hawakuwa na vifaa vya kujikinga kama glavu, nguo za kazi ao vitambaa vya kuziba pua. Tangu hapo majaribio yamefanyika. Huko Mutoshi, kandokando ya Kolwezi, mradi ulioanza mwaka 2018 kati ya kampuni ya Chemaf, kooperative ya wachimbaji na shirika la Pact uliweka uzio na kudai watu wavae vifaa vya usalama. Ulisimamishwa mwaka 2020, wakati wa Corona. Kodi ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inataka wachimbaji wawe ndani ya kooperative na katika maeneo yaliyotengwa. Maeneo hayo ni machache kuliko watu, na wengi wanachimba mahali pengine, kila mmoja na viatu alivyojipatia.

Hakuna mtu atakayesema buti linazuia udongo kuporomoka. Juni 2019, watu wasiopungua 40 walikufa katika eneo la mgodi wa KCC baada ya mashimo kuanguka, na viatu vyao havikuwa na la kufanya. Lakini siku za kawaida ni nyingi kuliko siku za msiba, na siku za kawaida zinaumiza mguu kwa vitu vidogo: msumari wa mbao za kuzuia udongo, jiwe lenye makali, chuma kilichosahauliwa. Kidonda cha msumari kwa mtu asiyechanjwa kinaweza kuleta pepopunda. Kidonda cha kawaida kinaweza kumweka nyumbani majuma mawili, na katika kazi ya kugawana mfuko uliotolewa leo, asiyeshuka haesabiwi.

Maji ni adui mwingine. Wanawake na vijana wanaoosha mawe mitoni na kandokando ya ziwa Malo, karibu na Kapata, wanasimama ndani ya maji kwa masaa. Kobalti inajulikana na madaktari kama kitu kinachoweza kuamsha mzio wa ngozi: wekundu, kuwashwa, malengelenge, na mtu akishazoeana nayo vibaya, kila mgusano unarudisha ugonjwa. Kwa kazi hiyo buti la mpira ndilo linalofaa, si la ngozi. Sindano haifai kitu hapo. Fundi anaziba tundu la mpira kwa kiraka na kole, kama anavyoziba chumba cha hewa cha baiskeli. Ukiona mtu anamshonea mwoshaji buti la mpira kwa uzi, ujue anamfungulia maji milango ishirini.

Buti ambalo halishoneki

Kuna jambo moja ambalo mafundi wanalifahamu kwa mikono yao, na ambalo wanunuzi wa mitumba wangelijua mbele ya kutoa pesa.

Botini nyingi za usalama, zile zenye chuma puani, zina soli ya poliuretani. Ni nyepesi na laini, na kwenye meza ya muuzaji zinaonekana mpya kabisa. Lakini poliuretani inaharibiwa na unyevu wa hewa hata bila kuvaliwa. Buti likikaa miaka mingi ndani ya sanduku ao bohari, soli inaoza kutoka ndani. Siku ya kwanza mguuni inapasuka, siku ya pili inapukutika kama mkate uliokauka. Mnunuzi anarudi kwa fundi na hasira, akiwa na soli vipande vipande, akidai ishonwe.

Haishoneki. Uzi unahitaji kitu cha kushika. Sindano ikiingia katika soli ya namna hiyo inatoka na unga, na kila tundu ni mwanzo wa ufa mwingine. Kilichobaki ni kutoa soli yote na kuweka nyingine, ya mpira mgumu ao iliyokatwa katika mpira wa gurudumu la gari. Hiyo ya gurudumu ni nzito, lakini inadumu kuliko buti lenyewe, na sindano inapenya kama fundi amechagua upande wa gurudumu usio na waya za chuma. Akichagua vibaya, anavunja sindano mbili na kupoteza asubuhi.

Kipimo cha kununua ni rahisi. Kabla ya kulipa, kunja soli kwa mikono miwili na uangalie katika mikunjo. Kisha bonyeza ukucha kwa nguvu pembeni. Ukucha ukizama na alama ikabaki, ao vumbi likatoka, rudisha buti mezani hata kama ngozi inang'aa. Soli ya mpira mzuri inakusukuma na kurudi mahali pake. Ngozi ya juu nayo ikunjwe: ikitoa nyufa nyeupe, imekauka, na mshono utaichana.

Ngozi inakaushwa na mambo mawili, tope na moto. Watu wengi wanarudi na buti lililolowa na kuliweka kando ya mbabula usiku. Asubuhi limekauka kweli, na limekuwa gumu kama ubao. Afadhali kuliosha, kulijaza makaratasi ya zamani na kuliacha penye upepo. Mafuta kidogo yanasaidia. Wafanyakazi wa viwandani wana shida ya ziada: shaba na kobalti vinatolewa katika mawe kwa asidi ya sulfuriki, na tone la asidi hiyo juu ya uzi wa nailoni ni sawa na kisu, hata kama halionekani.

Bei ya madini inafika mpaka kwa fundi

Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje, baada ya bei kuanguka vibaya kwenye soko la dunia. Marufuku iliongezwa mwezi wa Juni, kisha tangu 16 Oktoba mwaka huo ikaja namna ya mgao, kila kampuni na kiasi chake. Maamuzi hayo yanazungumzwa Kinshasa kwa tani na dola. Mitaani yanafika kwa njia nyingine. Mtu asiyejua kama mfuko wake utanunuliwa hatoi pesa ya buti jipya. Anashonesha la zamani. Ungedhani hiyo ni neema kwa fundi, lakini mteja yule yule anakuja pia na ombi la deni, na deni la wachimbaji linategemea shimo.

Fundi mwenyewe analipa kwa mwili. Kidole gumba cha kushoto kina makovu, kwa sababu sindano haitofautishi ngozi ya ng'ombe na ya mtu. Wengine wanavaa kipande cha ngozi kidoleni, wengine wanaona kinawazuia kuhisi uzi. Mgongo unauma. Kole ndiyo mbaya zaidi, ijapokuwa haitoi damu: vimiminiko vilivyo ndani ya kole za viatu vinaingia kwa pumzi na ngozi, na aina nyingine, kama heksani, zimejulikana tangu miaka mingi katika viwanda vya viatu vya Ulaya kwa kuharibu mishipa ya fahamu ya miguu na mikono. Kushona kunahitaji kole kidogo kuliko kubandika. Ni sababu moja zaidi ya kuheshimu uzi, ambayo fundi hawezi kumwandikia mteja kwenye bei. Na kopo lenyewe linafungwa vizuri jioni, kwa maana watoto wa barabarani wanalitafuta kwa kunusa.

Kazi hii inafundishwa kwa kukaa karibu. Kijana anaanza kwa kuosha viatu na kupaka rangi, anapewa kunyoosha misumari, halafu kushona kamba za malapa na mikanda ya mifuko ya shule, ambayo kosa lake halimwangushi mtu. Buti la kazi linakuja mwisho. Si wote wanaofika hapo. Pesa ya shimo, siku inapopatikana, ni kubwa na ya haraka, na kijana aliyeshika sindano mwaka mmoja anaona rafiki yake akinunua pikipiki kwa miezi mitatu. Wengine wanaenda, na baadhi yao wanarudi wakati madini yameshuka bei, na vidole vilivyosahau.

Mteja asiyejua kushona anaweza bado kukagua. Aingize mkono ndani ya buti na kupapasa kuzunguka soli. Akikuta mstari wa nyuzi umelala ndani, sawa na ule wa nje, mshono ni wa nyuzi mbili. Akiona vitanzi vilivyoshikana kama mnyororo upande mmoja na mstari mtupu upande mwingine, ni mshono wa gunia, na ana haki ya kuuliza kwa nini amelipa bei ya ule mwingine. Avute kidogo uzi wa mwisho: usisogee. Aangalie kama uzi umezama katika mfereji. Kisha avae, akunje vidole vya mguu, apige hatua chache pale pale mbele ya fundi, maana kesho asubuhi atakuwa ameshika kamba, mita nyingi chini.

Kama yote iko sawa, fundi anakata nyuzi mbili karibu na fundo, anawasha kiberiti na kugusisha moto kidogo kwenye ncha mpaka nailoni inayeyuka na kuwa kitone cheusi. Anakibonyeza kwa mpini wa sindano kingali cha moto, na kuita mteja anayefuata.